Dawa ya Mtu Mmoja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na anayetaka kunikatiza anikatize. Leo sikuja na jambo lililokwisha. Nimekuja na watu watatu, daktari mmoja, na swali walilokwama nalo. Nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka, sasa nalitua mbele yenu.

Watu hao ni wa Tukuyu, kule Rungwe, na wote watatu walikuwa na vipaji vyao.

Wa kwanza ni Mzee Lwitiko, mwenye bucha karibu na stendi. Kipaji chake kilikuwa kuongea na watu. Si kwamba alikuwa na maneno matamu, wapo waliomshinda kwa hilo. Ila akikueleza jambo, unaondoka ukiwa umelielewa, na huoni kama amekushinda.

Wa pili ni Mama Tusajigwe, mpishi wa shule ya sekondari. Kipaji chake kilikuwa kusema kweli, na kwa wengine kilikuwa kero. Maharage yakiungua, alisimama mlangoni mwa bwalo akawatangazia wanafunzi kabla hawajashika sahani: "Leo nimeunguza, msije mkasema ni moshi wa kuni."

Wa tatu ni Anyosisye, fundi cherehani, mdogo kuliko wenzake kwa umri. Huyu alijaliwa kustahimili. Mteja akirudisha suti akidai bega limekaa vibaya, yeye hufumua na kushona upya, akirudishwa tena hufumua tena, na usoni huoni kitu.

Vipaji vyao vilikuwa mbalimbali, lakini ugonjwa wao ulikuwa mmoja: presha ya kupanda isiyosikia dawa. Walikuwa wanameza vidonge asubuhi na jioni. Chumvi waliacha. Mzee Lwitiko aliacha hata kuonja nyama aliyoikata kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kila wakienda kliniki, kile kitambaa kikibana mkono na mashine ikaanza kuhema, namba zilikuja zile zile au zimepanda zaidi. Mtu mwenye presha ya namna hiyo hatulii. Kichwa kikimgonga, anajiuliza kama ndiyo leo. Akiamka mkono umekufa ganzi kwa kulaliwa, anakimbilia kioo kuangalia kama mdomo umepinda.

Sasa, daktari wa kliniki ile alikuwa mwanamke anayeitwa Sekela. Siku moja aliwaita wagonjwa wake wote wenye presha sugu, akawakalisha kwenye mabenchi ya nje.

"Kuna dawa mpya inapimwa," alisema. "Inapimwa hapa na katika hospitali nyingine kadhaa. Mtaendelea na dawa zenu za siku zote, na juu yake mtaongezewa kidonge kimoja kila asubuhi. Lakini nawaambia mapema: nusu yenu mtapewa dawa yenyewe, na nusu mtapewa kidonge kinachofanana nayo ambacho ndani hakina kitu."

"Nani atapata kipi?" aliuliza Mzee Lwitiko.

"Sijui. Hata mimi nimefichwa. Tutajua mwishoni."

"Kwa hiyo mtu anaweza kumeza miezi yote hiyo, kumbe anameza unga?"

"Anaweza, baba. Na asiyetaka asione aibu kukataa. Hata aliyekubali, siku akitaka kutoka, atatoka."

Baadhi waliondoka palepale. Wengi walibaki, na hao watatu walikuwamo.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha mzee mmoja wa Bulyaga, mshiriki kama wao, alianguka shambani kwake akafa. Dk. Sekela aliomba familia iruhusu maiti ichunguzwe, familia ikakataa, na hapakuwa na aliyejua kilichomuua. Lakini mtaani walijua tayari. Walisema ni vidonge. Walisema damu inayochukuliwa kliniki inasafirishwa. Walisema daktari anapeleka majina ya watu mahali. Washiriki wakaanza kutoonekana. Leo hayupo huyu, kesho hawapo wawili. Wenye utafiti wakatuma ujumbe kwa Dk. Sekela: watu wakiendelea kupungua hivyo, Tukuyu inafutwa, vilivyopimwa huko vyote vinatupwa, na bila Tukuyu watu wa utafiti mzima hawatoshi.

Mzee Lwitiko alisikia habari hiyo akiwa buchani. Kesho yake asubuhi, wateja wakiwa wamesimama, alitoa kidonge chake akakiweka juu ya meza ya kukatia nyama, mahali kila mtu anakiona, akakimeza kwa maji. Akafanya hivyo kila asubuhi. Jioni alifunga bucha mapema, akavaa viatu vya mvua, akaenda kwenye nyumba za walioacha. Alienda Bulyaga, akaenda Katumba, akashuka hadi Ushirika.

Mjane mmoja alimzuia mlangoni. "Mzee Lwitiko, umetumwa. Wewe nakuheshimu, lakini umetumwa."

"Sijatumwa, mama. Nimekuja kwa miguu yangu, na inaniuma."

"Basi niambie kama vile vidonge ni salama."

"Sijui," alisema Mzee Lwitiko. "Ningejua nisingekuwa napimwa. Ninachojua ni kwamba mdogo wangu alipata kiharusi, na hapakuwa na kidonge cha kumpa. Nimemlisha kwa kijiko mpaka alipofariki. Naogopa kile kidonge, ila naogopa kijiko zaidi."

Wiki iliyofuata yule mjane alionekana kliniki, amekaa pembeni, na hakumsalimia mtu.

Walirudi hivyo, mmoja mmoja, si wote lakini wa kutosha. Mzee Lwitiko mwenyewe aliponzwa na jambo hilo. Wateja walimkimbia, wakasema amenunuliwa. Kuna siku nyama ilimkalia mpaka akaigawa. Mkewe alimwomba aache, hata watoto wake wakubwa walikuja kutoka Mbeya kumwomba. Hakuacha, wala hakuwa na raha. Kila aliposikia mtu ameugua, hata kama ni mafua tu, alishtuka: je, huyu ni mmoja wa niliowarudisha?

Tukuyu haikufutwa.

Mama Tusajigwe, kwa upande wake, tangu aanze kumeza kile kidonge alikuwa mtu mwingine. Kichwa kilichokuwa kikimgonga kwa miaka kilinyamaza. Mashine ilileta namba ambazo hakuwa amewahi kuziona tangu azae mtoto wake wa mwisho. Alipanda kilima cha shule na gunia dogo la mchele kichwani bila kusimama.

Ndipo moyo ulipoanza. Alikuwa akisonga ugali, moyo ukadunda, ukakaa kimya, kisha ukadunda haraka haraka kama mtu anayekimbilia kitu. Akashika ukingo wa meko. Ukapita. Kesho yake ukarudi.

Alimwambia binti yake, Atuganile.

"Mama, nyamaza," alisema Atuganile. "Ukimwambia daktari atakuondoa. Umesahau ulivyokuwa? Umesahau tulivyokuwa tunakuangalia unapolala kama unapumua?"

"Sijasahau."

"Basi ni moyo tu, kila mtu moyo unamshtuka. Subiri utafiti uishe ndiyo useme."

Mama Tusajigwe alikaa siku nzima na jambo hilo, na siku hiyo ilikuwa ndefu kwake. Alisonga, akapakua, akaosha masufuria, akayaosha tena. Alijua kwamba binti yake anasema kitu cha maana. Alijua pia kwamba kuna wenzake wanameza kidonge hicho hicho, na kwamba huenda mzee wa Bulyaga alisikia hivi hivi akanyamaza. Asubuhi hakwenda shuleni. Alikwenda kwa Dk. Sekela.

"Daktari, dawa inanifaa na inanidhuru," alisema. "Andika yote mawili."

Damu yake ilipopimwa, kulikuwa na aina fulani ya chumvi iliyozidi, si ile ya mezani, bali ile ambayo ikipita kiasi moyo unapoteza mwendo. Dk. Sekela alipiga simu huko kwa wenye utafiti siku ile ile. Hospitali nyingine zote zikaambiwa ziwapime washiriki wao upya, na kumbe walikuwapo wengine wenye hali hiyo waliokuwa wamekaa kimya, kila mmoja kwa hofu ya kuondolewa. Dozi ikapunguzwa kwa watu wote. Wale waliokuwa wakielekea pabaya wakawahiwa.

Ila Mama Tusajigwe alisimamishwa kwanza. Wiki zile kichwa kilirudi kugonga vile vile kama zamani, kwa sababu ya ulimi wake mwenyewe. Binti yake alimnunia. Baadaye alirudishiwa kidonge kwa dozi ndogo, moyo ukatulia, na presha ikashuka tena.

Anyosisye, yule fundi, hakuona lolote likibadilika. Alimeza kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani. Namba zake hazikusogea. Wenzake walipokuwa wakisimuliana kwenye mabenchi jinsi wanavyojisikia wepesi, yeye alicheka kidogo akatazama vidole vyake. Alianza kuhisi. Si mjinga.

Kaka yake, anayekaa Mbeya, alimfuata. "Anyosisye, wewe umepewa unga. Kila mtu anaona. Kule Mbeya kuna daktari atakuongezea dawa nyingine, halisi. Twende."

"Nikiongezewa nyingine, natoka kwenye utafiti. Ndiyo masharti."

"Toka basi. Unamdai nani, unadaiwa na nani?"

Anyosisye alikwenda kwa Dk. Sekela kuuliza. Presha yake ilikuwa juu, lakini haikuwa imefika pale ambapo masharti yenyewe yangemtoa.

"Una haki ya kutoka leo," alisema Dk. Sekela. "Na sitakulaumu hata kidogo. Siwezi kukwambia unameza nini, maana sijui. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ukibaki, unabaki na hatari."

"Nikitoka, na kila anayehisi kama mimi akatoka, wale wanaoshuka mtawalinganisha na nani?"

Dk. Sekela alifunga faili lake. "Hatutakuwa na wa kuwalinganisha nao. Dawa haitakubaliwa."

"Basi nitaendelea."

Akaendelea. Hebu fikirini mtu anayeamka kila siku, anameza kitu anachoamini ni unga, kisha anakaa anasikiliza mishipa ya kichwa chake. Utafiti ukiwa karibu na mwisho, asubuhi moja alitaka kutunga uzi kwenye sindano. Tundu hakuliona. Alifumba jicho la kulia, na mbele yake pakawa kama pameanikwa shuka la kijivu. Mshipa ulikuwa umeziba ndani ya jicho la kushoto. Alitibiwa, lakini jicho lile halikurudi, na dawa ya presha alikataa kuongezewa mpaka apimwe mara ya mwisho. Siku ya kupimwa kwa mara ya mwisho alikuja, jicho limefunikwa bandeji, akanyoosha mkono kama wengine, ndipo akaongezewa dawa.

Siri ilipofunguliwa, ikawa kama alivyohisi. Anyosisye alikuwa amemeza unga. Mama Tusajigwe na Mzee Lwitiko walikuwa wamemeza dawa. Na dawa ilikuwa imefanya kazi, kwao wawili na kwa wengine wengi. Ilishusha presha zilizokuwa hazijashushwa na kitu, na kwa ile dozi ndogo haikuwa na madhara makubwa.

Mngedhani hapo watu wangefurahi. Walifurahi, kwa muda mfupi. Kisha vidonge vikakusanywa, kwa sababu utafiti umekwisha, na dawa bado haijaruhusiwa kuuzwa. Ingeruhusiwa lini? Mwaka ujao, labda. Labda baada ya huo. Presha zikaanza kupanda tena, kimya kimya. Hata zile dawa alizoongezewa Anyosisye zilimshikilia kidogo tu, kisha zikamwacha kama zile za kwanza.

Ndipo boksi lilipofika. Wenye utafiti walikuwa wameipa kila hospitali dawa ya kumtosha mtu mmoja mpaka itakaporuhusiwa. Maelekezo yalikuwa mafupi: apewe mshiriki mmoja, yule ambaye utafiti usingefanikiwa bila yeye. Iwe shukrani.

Dk. Sekela aliwaita wale watatu ofisini kwake, akafunga mlango. Boksi lilikuwa mezani. Aliwaeleza bila kuwaficha kitu.

"Shukrani gani hii," alisema Mama Tusajigwe, "inayokuja kutukalisha hivi?"

"Nimewaandikia kuwauliza hivyo hivyo, mama. Wamesema hakuna zaidi ya hilo."

Mzee Lwitiko alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Tugawane. Kila mtu siku yake."

"Nimelifikiria, baba. Dawa hii isipomezwa kila siku haishiki. Mkigawana watatu, hakuna atakayetibiwa, na boksi litakwisha."

"Kura, basi."

"Kura hapana," alisema Mama Tusajigwe. "Wamesema apewe anayestahili. Tukipiga kura tunasema hakuna aliyestahili."

Nje kulikuwa na mtu anakohoa kwenye benchi, na kila mmoja mle ndani alikuwa akimsikiliza kana kwamba ndiye atakayesema.

"Nyinyi mnafahamiana," alisema Dk. Sekela. "Naomba kila mmoja aniambie anavyoona. Sitamhukumu mtu kwa maneno yake."

Mama Tusajigwe ndiye aliyeanza. "Mimi sijui kuzungukazunguka, mnanijua. Naitaka. Imenifaa, na figo zangu umeniambia mwenyewe zimeanza kuchoka. Nikisema apewe mwingine nitakuwa nasema uongo mbele yenu. Lakini nikipewa, sijui nitampita vipi huyu fundi barabarani."

Mzee Lwitiko, ambaye aliwahi kuongea na kila nyumba kuanzia Bulyaga hadi Ushirika, alivuta kiti. Alikaa. "Kama si watu kurudi, kusingekuwa na cha kupima," alisema kwa sauti ndogo. "Hilo ni kweli, silikatai. Niliwaambia watu waingie kwenye hatari nisiyoijua. Huyu mama ndiye aliyeifanya hatari ile isiwaue. Huyu kijana ndiye aliyeifanya iwe na maana. Na mimi juzi mkono wangu wa kulia uliangusha kisu. Daktari, usiniulize mimi. Najiogopa."

Anyosisye alikuwa amegeuza kichwa upande, ili jicho lililobaki liwaone wote.

"Mimi sijawahi kuimeza," alisema. "Inawezekana isinifae?"

"Inawezekana," alijibu Dk. Sekela. "Wako wachache haikuwafaa. Wewe hatuwezi kujua mpaka umeze."

"Na jicho hili moja, presha ikiendelea hivi?"

Dk. Sekela alitazama mezani. "Siwezi kukuhakikishia, fundi."

"Nikipewa na isinifae, nimewanyima hawa wawili ambao inawafaa, kwa bure. Nikinyimwa na jicho likaenda, basi nilikaa kwenye utafiti nikimeza unga ili dawa imfikie mtu mwingine." Alipapasa mfuko wa shati kama anayetafuta futi yake ya kupimia. "Sijui niombe nini. Niambieni nyinyi."

Gari la wenye utafiti lilikuwa linapita jioni ile kuchukua jina. Bila jina, boksi lingeondoka nalo. Dk. Sekela alivuta karatasi, akashika kalamu. Alikuwa daktari wao wote watatu. Alimtazama Mzee Lwitiko, akamtazama Mama Tusajigwe, akamtazama Anyosisye, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda nyumbani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpa mwenzake mgongo.

Nami naishia hapo, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Bila Lwitiko, dawa ingekosa watu wa kupimiwa. Bila Tusajigwe, ingeua kabla ya kuponya. Bila Anyosisye, hakuna ambaye angeamini kwamba inaponya. Waliolipa ni wote watatu, na wanaoumwa ni wote watatu. Msiniambie waongezewe boksi jingine, halipo. Msiniambie daktari aamue, daktari ameshindwa na gari limeshawasha taa kwenye kona ya barabara.

Haya, wewe uliyeegemea ukuta, anza wewe. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini?